Saa ya ukutani ya dhahabu ya enzi za Louis wa 15: jina lililo usoni si la aliyeunda mwili wake (uzi mrefu)

fundi_majira

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi saa, nilianzia kibandani Kariakoo kwa mjomba nikibadilisha betri na mikanda, saa hizi nipo Paris mwaka wa nne nasaidia kwenye karakana ya mzee mmoja anayetengeneza saa za kale. Nimekuwa nikisoma jukwaa hili kimya kimya ila hii ya wiki iliyopita imenikaa kichwani nimeshindwa kulala nayo, ngoja niilete.

Imeletwa saa ya ukutani, zile Wafaransa wanaita cartel. Kuinyanyua ni watu wawili. Mwili wote ni bronzi (shaba iliyochanganywa na metali nyingine) iliyopakwa dhahabu, hakuna ubao unaoonekana, ni majani yanajikunja, makombe ya baharini, maua, matawi yanapanda upande wa kulia yanageuka njiani, upande wa kushoto yanafanya kitu kingine kabisa. Ukiikunja picha yake katikati pande mbili hazilingani hata kidogo na ndo makusudi. Huo mtindo ndo rokoko, ulishika Paris miaka ya 1730 mpaka 1750 hivi, jina linatokana na neno rocaille yaani ile kazi ya kupamba kwa mawe na makombe kama kwenye mapango ya bustani. Baada ya hapo watu wakachoka na mikunjo wakarudia mistari iliyonyooka kama majengo ya Wagiriki na Warumi.

Uso wa saa ni enameli nyeupe (unga wa kioo uliochomwa juu ya bamba la metali), namba za saa za Kirumi rangi ya bluu, namba za dakika nyeusi, na katikati jina la fundi na neno Paris. Na hapa ndo penye mada yangu. Mwenye saa alipoileta akasema "hii ni ya fulani" akasoma lile jina. Mzee akamwambia taratibu, huyo katengeneza mashine tu. Haya mapambo yote, huu mwili wote uliokufanya uinunue, ni mikono ya watu wengine na majina yao hayapo popote.

Iliniuma aisee. Nitaendelea kesho nikitoka kazini.

BintiWaPwani

Mkuu umeanza vizuri usiishie njiani kama wengine. Kwanini hao wengine hawakuandika majina? Walikatazwa au ni desturi tu?

MwanaGeita

Nipo hapa. Hiyo dhahabu wanaipakaje kwenye bronzi? Ni karatasi za dhahabu au wanachovya?

fundi_majira

Nimerudi. @BintiWaPwani nianze na wewe.

Paris ya wakati ule kila kazi ilikuwa na chama chake cha mafundi na kila chama kina mipaka kama shamba. Wanaoyeyusha na kumimina bronzi ni chama kimoja. Wanaochonga juu ya bronzi ikishapoa na kuipaka dhahabu ni chama kingine. Maseremala wa samani za kifahari wana chao, mafundi wa saa wana chao. Ukiwa wa huku ukafanya ya kule unashtakiwa, wanakuja kwako wanakagua, wanachukua vitu, unalipa faini. Kwahiyo saa moja kama hii imepita mikono mingi: mtu wa kuchora au kufinyanga kielelezo, mtu wa kumimina, wa kuchonga, wa kupaka dhahabu, wa kuchoma enameli ya uso (kwenye enameli jina kubwa lilikuwa Antoine-Nicolas Martinière, fundi wa mfalme), wa springi, halafu fundi wa mashine anafunga na jina lake linakaa mbele. Hata springi wakati mwingine ukiifungua unakuta aliyeitengeneza kakwaruza jina na mwaka ndani, mahali ambapo mwenye saa hataona maisha yake yote, anayeliona ni fundi mwenzake tu miaka 200 baadaye. Mimi nikikuta hiyo huwa nanyamaza kidogo.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja aliyekataa huo mgawanyo. Charles Cressent. Kazaliwa Amiens 1685, baba yake mchonga sanamu, na yeye akapokelewa kama bingwa wa uchongaji Paris 1714. Mwaka 1719 akaoa mjane wa seremala aliyekuwa akimhudumia Philippe d'Orléans, yule aliyekuwa anaongoza Ufaransa kwa niaba ya Louis wa 15 akiwa bado mtoto. Kwa ndoa ile akapata karakana, wateja na cheo. Kwahiyo una mtu kichwani ni mchonga sanamu, mlangoni ni seremala, anajua bronzi anavyoitaka iwe mpaka kwenye ncha ya jani. Akaona kupeleka vielelezo vyake kwa wengine wamimine na wachonge wanavyojua wao ni kuviua. Akaanza kumimina na kupaka dhahabu kwake mwenyewe, chini ya macho yake.

Vyama vikamwandama. Zaidi ya mara moja, miaka ya 1720 na 1730, wakakagua kwake, wakakamata kazi, wakamshtaki. Akalipa, akarudia tena.

kitabu_wazi

Daah huyo jamaa nampenda tayari. Ila upande wa pili vyama navyo vilikuwa vinalinda mkate wa watu, kama kila seremala akianza kumimina bronzi wale wa tanuru watakula wapi? Mimi kwetu Nakuru nimeona mafundi wa juakali wanagombana kwa hayo hayo, wa kuchomelea vyuma anakataa wa rangi kushika mashine.

fundi_majira

@kitabu_wazi una hoja na siwachukii. Mtu wa tanuru alikaa uanagenzi miaka mingi kuupata ubingwa wake, halafu anakuja mtu wa ikulu anafanya kazi yake bila kupita huko. Ila ukisimama mbele ya saa ya Cressent unaelewa kwanini hakuweza kuacha. Iko moja mashuhuri, mada yake ni Penzi likiushinda Wakati, juu kuna mtoto mwenye mabawa, chini mzee wa ndevu ambaye ndiye Wakati, na yule mzee amelala kashindwa. Ina zaidi ya mita moja. Ipo kwenye jumba la makumbusho la Getty kule Los Angeles, na ile mada utaikuta pia kwenye jumba la Wallace Collection, London. Angalia misuli ya yule mzee, angalia manyoya ya bawa. Hiyo si pambo la kubandika kwenye saa, hiyo ni sanamu ambayo saa imepewa nafasi ndani yake. Kazi ya namna ile ukimgawia kila mtu kipande chake akafanye kwake inatoka vipande vipande.

@MwanaGeita swali lako la dhahabu nalijibu sasa na nadhani utalijua kuliko mimi. Ni zebaki.

MwanaGeita

ZEBAKI??

fundi_majira

Ndio. Wanachukua dhahabu wanaichanganya na zebaki mpaka inakuwa kama siagi. Bronzi inasafishwa kwa asidi ili ishike, halafu ile siagi inapakwa kwa brashi ya waya kila kona, ndani ya kila mkunjo wa jani. Kisha inapelekwa juu ya makaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki imeng'ang'ania bronzi. Wanarudia mara kadhaa kama wanataka nene. Ikitoka pale haing'ai, ina ufifi fulani, ndo inakuja kazi ya kusugua kwa jiwe la akiki sehemu wanazotaka zing'ae, na nyingine wanaziacha bila kung'aa kwa makusudi ili mwanga wa mishumaa ucheze. Ukiiangalia usiku na mshumaa mmoja (mzee alizima taa akanionyesha) yale majani yanaonekana kama yanapumua.

MwanaGeita

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi nimechoma dhahabu miaka sita. Sisi tunasaga mawe kwenye karasha, tunamwaga zebaki inakusanya dhahabu kwenye ule mchanga, unakamua kwa kitambaa unabaki na donge jeupe, unachoma. Moshi unapaa, unabaki na dhahabu. Yaani ni kitu kilekile ila sisi zebaki inatutolea dhahabu kwenye mawe na wao ilikuwa inawawekea dhahabu kwenye shaba. Na moshi ni uleule.

Kaka yangu mkono wa kulia unatetemeka mpaka leo, kikombe cha chai anashika kwa mikono miwili. Alikuwa anachoma ndani ya chumba, mlango umefungwa kwasababu ya wezi. Sasa hivi tunaambiwa tutumie retoti inarudisha ule mvuke ukawa zebaki tena, mimi natumia, wengi bado hawana.

Hao wa Paris walikuwaje?

fundi_majira

Pole sana kwa kaka. Ni hayohayo ndugu yangu. Mikono kutetemeka, fizi kuvimba, meno kulegea, akili kuchoka mapema. Madaktari wa Ulaya walishaandika kuhusu magonjwa ya wapaka dhahabu tangu karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18, kwahiyo ilijulikana kabisa. Karakana zilikuwa na madirisha madogo, moto wa makaa, na mtu anainamia kile kipande anakigeuza geuza kwa koleo huku brashi mkononi ili dhahabu isikae nene upande mmoja. Yaani uso wake upo palepale kwenye mvuke. Njia ya umeme ilikuja karne iliyofuata, kampuni ya Elkington ya Uingereza ikachukua hataza mwaka 1840, ndo taratibu zebaki ikaanza kuachwa.

Nilipokuwa nasafisha lile jani la chini kushoto na brashi laini nilikuwa namuwaza huyo mtu. Nakumbuka siku ya kwanza kushika kazi kama hii nilitaka kutumia dawa ya kung'arishia shaba kama tunavyofanya kwa mabirika, mzee akanidaka mkono. Ile dhahabu ni nyembamba sana, ukisugua na dawa yenye mchanga unaondoa kwa dakika tano kitu ambacho mtu alikilipia kwa afya yake. Tunatumia maji yenye sabuni isiyo kali, pamba, na subira. Yeyote mwenye kitu cha dhahabu ya namna hii nyumbani tafadhali usisugue.

Mpenda_vikongwe

Samahani mleta uzi, naingilia. Nimeona kwenye mtandao saa kama hizo zina mhuri mdogo wa herufi C yenye taji juu. Si ndo sahihi ya Cressent mwenyewe? C ya Cressent. Nataka nijue maana kuna mtu ananiuzia.

fundi_majira

Nashukuru umeuliza maana hata mimi nilinasa hapohapo. Yetu ilikuwa nayo, mihuri miwili, midogo kuliko punje ya mchele, mmoja nyuma ya jani na mmoja kwenye ukingo wa mlango wa kioo. Nilimwita mzee nikijua nimepata dhahabu ya kweli. Akaniambia kaa chini.

Watu waliamini hivyohivyo kwa muda mrefu sana. Wengine wakasema C ni Cressent, wengine wakasema ni Caffieri, maana Jacques Caffieri naye alikuwa bingwa wa bronzi wa mfalme, yeye na mwanae Philippe ndo walitengeneza mwili wa ile saa ya elimu ya nyota iliyopo Versailles. Kumbe wote si wao. Mwaka 1924 mtafiti Henri Nocq akaeleza: C ni cuivre, yaani shaba. Serikali ya Louis wa 15 iliweka kodi kwenye vitu vyenye shaba kuanzia Machi 1745 mpaka Februari 1749, kitu kikilipiwa kinapigwa mhuri. Basi. Ni risiti ya kodi.

Ila usiidharau hiyo risiti. Kwanza inakwambia kitu kilikuwepo kabla ya mwisho wa Februari 1749. Pili, hata kitu kilichotengenezwa miaka ya 1730 kikiuzwa tena kipindi cha kodi kilipigwa mhuri, kwahiyo C si lazima iwe mwaka wa kuzaliwa. Na tatu, matapeli wanajua yote hayo, wanapiga C juu ya kitu cha juzi.

Kabla hujatoa pesa mwambie muuzaji akufungulie mlango na akupigie picha nyuma. Pendulamu ya karne ya 18 ya Paris kwa kawaida inaning'inia kwenye uzi wa hariri. Ukikuta kipande cha springi bapa na tundu dogo la ufunguo usoni juu ya XII la kurekebisha mwendo, huo ni mfumo wa Brocot, ni karne ya 19, ama saa nzima ni ya karne ya 19 ama mashine imebadilishwa. Ukikuta kwenye mashine mhuri wa Japy Frères au Vincenti, hao ni viwanda vya karne ya 19. Karne ile walinakili rokoko kwa wingi sana na nyingine ni nzuri kabisa, ila asikuuzie kwa bei ya mwaka 1745. Angalia pia mikunjo ya ndani ambako mkono haufiki. Mchonga wa zamani alipita mpaka huko kwa patasi, wa kiwandani mara nyingi anaacha ilivyotoka kwenye mchanga wa kumiminia.

Mpenda_vikongwe

Nimemwomba picha ya nyuma. Kuna tundu juu ya XII. Asante mkuu umeniokoa.

BintiWaPwani

Sasa kama C si sahihi, na Cressent hakuandika jina, wanajuaje kazi ni yake? Isije ikawa wanampa tu kwasababu ni maarufu.

fundi_majira

Hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Cressent samani zake hakuzipiga mhuri wa jina. Lakini alikuwa mpenzi mkubwa wa kukusanya michoro na sanamu, na hela ikawa inamwishia, akajaribu kuuza vitu vyake kwa mnada, 1749, 1757 na 1765. Kwenye katalogi yeye mwenyewe akaeleza kazi zake, hii ina nini, sanamu gani imekaa wapi. Hiyo ni karatasi ya kwanza.

Karatasi ya pili ni za wale waliomshtaki. Walipokuja kukagua karakana yake waliandika walichokikuta, bronzi zipi, zina umbo gani, kama ilivyo kwa mtu anayekamata mali. Waliandika ili wamhukumu. Leo watafiti wanachukua yale maandishi wanayalinganisha na kilichopo kwenye majumba ya makumbusho, wanasema kilichoandikwa kule ndo hiki hapa, ni cha Cressent. Wale mabwana wa vyama waliotaka asishike bronzi ndio wamebaki kuwa mashahidi wake wakubwa kwamba aliishika.

Alifariki Paris mwaka 1768.

kitabu_wazi

Hiyo aya ya mwisho nimeisoma mara mbili. Je wapo waliosaini bronzi zao au wote ni hivyo?

fundi_majira

Wapo. Caffieri alisaini baadhi. Na kuna Jean-Joseph de Saint-Germain, huyu alipata ubingwa wa kumimina mwaka 1748 na jina lake unalikuta limegongwa kwenye bronzi yenyewe. Yeye alipenda wanyama, anaweka saa mgongoni mwa tembo, au mgongoni mwa kifaru. Na kifaru ana sababu: mwaka 1749 kililetwa Paris kifaru jike hai kutoka India, wakimwita Clara, alikuwa amezungushwa Ulaya miaka kadhaa, jiji zima likaenda kumtazama, mchoraji Oudry akamchora kwa ukubwa wake halisi. Ikawa ndo fasheni. Ila mkiziona mtagundua vifaru wengi wa zile saa wana mabamba mwilini kama mavazi ya askari, hiyo bado ni picha ya zamani ya mchoraji Mjerumani Dürer iliyokuwa imewakaa watu vichwani zaidi ya miaka 200. Na pembe ni moja, wa India, si kama faru wetu wa Ngorongoro mwenye mbili.

Salama_Mvita

Nauliza kitu kidogo tu. Hiyo yenu inagonga? Mimi napenda sauti.

fundi_majira

Inagonga, na nimeshinda nayo siku mbili kwa ajili ya hilo.

Hizi zina springi mbili, moja ya kutembeza mishale na moja ya kugonga. Upande wa kugonga kuna gurudumu lenye mapengo ukingoni, na nafasi kati ya pengo na pengo hazilingani, ya kugonga moja ni fupi, ya mbili ndefu kidogo, mpaka kumi na mbili. Linazunguka mara moja kwa saa 12 na kugonga mara 90, yaani 78 za saa kamili na moja moja kila nusu saa. Lakini gurudumu hilo haliangalii mishale, linahesabu tu lilipofika. Mtu akiisukuma mishale kwa haraka bila kuiacha igonge, basi saa inaonyesha tisa inagonga sita, na wenye nyumba wanaishi hivyo miaka. Yetu ilikuja imepotea hivyo. Unairudisha kwa kuigongesha taratibu mpaka ikutane na mishale.

Na ina uzi wa kuvuta pembeni. Saa ya namna hii iliweza kutundikwa karibu na kitanda, usiku hakuna taa, unavuta uzi inakugongea saa iliyopita na robo zake. Ule uzi ulikuwa umekatika, nimeweka mpya.

Jana saa kumi na mbili na robo jioni mzee akaniachia niuvute wa kwanza. Ikagonga mara sita, kisha robo moja, kengele yake ni nyembamba, inakaa hewani kidogo. Mwenye saa amekuja leo asubuhi kuichukua. Kwenye karatasi mzee kaandika jina la fundi wa mashine, chini yake kaacha mstari, akaandika "bronzi: Paris, kabla ya Machi 1749", na chini yake tena akanitaka niandike kazi niliyofanya na nisaini.